Vijiti Kumi na Saba

Darasa la jioni lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi, na lilikuwa na kompyuta sita, viti kumi na feni moja. Jumatatu hiyo, saa kumi na moja na nusu, Kadii Mwambire alipanda ngazi akiwa bado ananuka moshi, kwa kuwa alikuwa mpishi wa shule ya chekechea na maharagwe yalikuwa yamechelewa kuiva. Aliketi mbele ya mashine ya nne, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akainamisha kichwa na kusali kimya kabla ya kubonyeza kitufe. Alifanya hivyo kila siku. Mashine nyingine zilikuwa zikizimika ovyo. Ya nne haikuzimika.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mradi wake wa mtihani ulikuwa mkusanyo wa mafumbo madogo matano, michezo ya dakika chache ambayo mtu anaweza kuicheza akingoja chai ichemke. Mwalimu, Ilham Muhdhar, binti wa mtaa wa Shella, alikuwa ametoa sharti moja: programu iandikwe mara moja tu, kisha iweze kufanya kazi kwenye mashine za Linux za darasani, kwenye Windows za maofisini, kwenye laptopu yake ya Mac na kwenye simu za Android. "Msimchagulie mtu mlango wa kuingilia," alisema. "Kila mtu aingie kwa mlango alio nao."

Kadii alichagua mafumbo kwa sababu alijifunza kusoma akiwa na miaka arubaini na saba, na tangu siku hiyo kila kitu kilichoandikwa alikiona kama fumbo lenye jibu moja, ambalo mtu mwingine alilijua kabla yake.

"Mimi natengeneza daftari la kuandikia magari langoni, na wewe mama mzima unatengeneza michezo," alisema Gona, mlinzi wa hoteli aliyeketi mashine ya tano na sare yake. "Nani kati yetu ana utoto?"

"Wewe," Kadii alijibu bila kugeuka. "Daftari la langoni lipo tayari. Uliliacha kazini mchana huu."

Michezo minne ya kwanza ilikwisha bila matatizo. Kulikuwa na vigae vya kutelezesha mpaka vipangike, taa za kuzima zote, mabomba ya kuunganisha ili maji yafike shambani, na namba za kupanga tisa kwa tisa. Mchezo wa tano aliuita Chimba Polepole. Uwanja wake ulikuwa na vyumba kumi na viwili kwa kumi na viwili, na chini ya vyumba kumi na saba kulifichwa kitu. Idadi hiyo aliiandika bila kuifikiria. Mchezaji akigusa chumba kitupu, kinafunguka na kuonyesha namba, na namba inamwambia ni vyumba vingapi jirani vyenye kitu chini yake. Akigusa chenye kitu, ameshindwa. Watu wengine huficha mabomu katika mchezo wa namna hii. Kadii hakutaka mabomu. Aliandika neno "kitu" tu, akanuia kulibadilisha baadaye.

Mchezaji akishuku chumba, hukibonyeza kwa muda na alama huchomekwa juu yake. Alama hiyo ilikuwa kibendera, lakini kwenye laptopu ya mwalimu kibendera kilitokea kama kisanduku kitupu. Kadii akachora kijiti cha rangi ya kahawia badala yake. Kijiti kilitokea sawa kila mahali.

Mahali pa kuficha vitu huamuliwa na namba ambayo watu wa kompyuta huiita mbegu. Mashine huichukua kwenye saa yake, na kwa kuwa saa haisimami, kila mchezo hupaswa kuwa mpya. Mchezo wa Kadii haukuwa mpya. Kila alipoufungua, vitu vilikuwa vimekaa pale pale: safu yenye vitu tisa juu, safu yenye saba chini yake, na kimoja peke yake karibu na pembe ya kushoto.

Alipitia mistari ya msimbo mara tatu kwa kidole, kama anavyosoma Zaburi. Kisha akamwita mwalimu.

"Msimbo ni salama, Bi Kadii," Ilham alisema. "Mbegu inabadilika. Hii hapa ni namba nyingine kabisa."

"Na vitu vimekaa pale pale."

"Vimekaa pale pale," mwalimu alikubali, akaandika katika daftari la kasoro kwamba hiyo ni kasoro namba nne. Kasoro namba tatu ilikuwa herufi zilizokuwa ndogo mno kwenye simu.

Waliujaribu kwenye Windows ya duka la chini, baina ya mizani ya misumari na kitabu cha risiti. Waliujaribu kwenye Mac. Waliujaribu kwenye simu ya Gona iliyopasuka kioo. Tisa, saba, kimoja.

"Umevifundisha utii," Gona alisema. "Walinzi wenzangu hawakai walipopangwa hata nusu saa."

Siku ya Jumatano Kadii alichukua karatasi ya mirabamraba na kalamu ili aunakili mpangilio huo na kuutafutia sababu. Aliweka nukta tisa, halafu saba. Alipofika kwenye nukta ya pekee mkono wake ulisita, kwa kuwa mkono uliujua mchoro huo kabla yake. Yalikuwa makaburi ya boma la kwao, Marereni. Safu ya juu ilikuwa ya babu yake Mwaringa na ndugu zake na wake zao. Safu ya chini ilikuwa ya watoto wao, na wa mwisho katika safu hiyo alikuwa mamake, Sidi. Nukta ya pekee ilikuwa Kahaso, mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku kumi na moja. Katika ukoo wao mtoto mchanga hazikwi safuni pamoja na wakubwa. Huzikwa ubavuni mwa nyumba, pale maji ya paa yanapodondokea, ili asiwe mbali. Kila kaburi lilikuwa limechomekwa kijiti.

Sasa mahali hapo palikuwa bwawa la chumvi namba sita.

Kadii alijua jinsi palivyogeuka kuwa bwawa. Miaka ishirini na saba iliyopita alikuwa kibarua wa kampuni ya chumvi, akikwangua chumvi peku mpaka nyayo zikapasuka. Siku moja karani alikuja na karatasi na kidau cha wino, akasema ni orodha ya wanaotaka mabuti ya mpira. Kadii alibonyeza kidole gumba. Jumatatu iliyofuata alipewa mabuti. Mwezi uliofuata trekta lilifika bomani kwao, na alipopiga kelele aliambiwa kwamba familia ilikwisha kukubali. Hakujua ni nani katika familia aliyekubali. Aliwalaumu kaka zake kwa miaka mingi, na mmoja wao, Kalume, alikufa wakiwa hawasemezani.

Alipojua kusoma, alikwenda ofisi ya ardhi kuomba kuiona karatasi hiyo. Yalikuwa maandishi ya kwanza aliyoyasoma nje ya Biblia. Yalisema: "Mimi Kadii Mwambire, kwa niaba ya familia, nathibitisha kwamba katika kiwanja hiki hakuna makaburi." Chini yake palikuwa na kidole gumba chake, kimetokea vizuri, kila mstari. Tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja tu mbele ya Mungu, asubuhi na jioni: amwonyeshe namna ya kulirudisha neno lile kinywani.

Alhamisi, adhana ya magharibi ilipotoka, darasa lilipumzika kama kawaida. Ilham alikwenda nyuma ya pazia na msala wake. Gona aliteremka kununua viazi karai. Kadii aliweka paji la uso juu ya meza akasali, na ombi lilikuwa lile lile. Alipofika kwenye amina alisikia viti vikivutwa.

Walikuwa watu wazima kumi na sita na mtoto mmoja mchanga. Walikuwa wameloa, na pale maji yalipowadondoka sakafuni yalikauka papo hapo yakaacha duara nyeupe. Babu Mwaringa alikuwa amekwisha kukaa mbele ya mashine ya nne, akiutazama uwanja wa vyumba mia moja na arubaini na nne kama mtu anayekagua shamba lake. Nyuma yake alisimama mamake Kadii, na Kahaso mikononi.

"Mama Kahaso," Sidi alisema.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka ishirini na tisa.

"Labeka, mama."

"Umekuwa mwalimu?"

"La, mama. Mwanafunzi."

Ilham alitoka nyuma ya pazia, akatoa salamu, akahesabu viti. Alisema waliokosa viti wabanane, na kwamba angewaandika katika ukurasa wa peke yao, kwa kuwa hawakusajiliwa kwa mtihani. Aliwauliza majina mmoja mmoja akayaandika kwa wino wa buluu. Gona aliporudi alisimama mlangoni na kifuko chake.

"Ningejua ningenunua vingi," alisema, akateremka tena. Viazi vilipoletwa wageni walivipokea kwa adabu, wakavinusa, wakaviacha. Pilipili waliiangalia. Chumvi wote waliikataa.

Babu Mwaringa hakuwa mtu wa maneno mengi alipokuwa hai. "Hatukuja kucheza," alisema. "Huko tuliko tumesikia imeandikwa kwamba hatupo. Tumekuja kuuliza ni nani aliyesema."

Feni ilizunguka. Kadii angeweza kusema hajui, au kwamba ni karani, na isingekuwa uongo mtupu. Aliinua kidole gumba chake, akawaonyesha.

"Ni mimi," alisema.

Kahaso alipiga chafya.

"Ulipewa nini?" Sidi aliuliza.

"Mabuti ya mpira."

"Yalikufaa?"

"La kushoto lilivuja."

Sidi aliwaza juu ya jambo hilo, akimbadilisha mtoto mkono. "Basi kaseme tena," alisema hatimaye. "Safari hii usome kwanza."

Nafasi ya kusema ilikuwapo. Mkataba wa kampuni wa kukodi ardhi hiyo ulikuwa unakaribia mwisho, na kamati ya ardhi ilikuwa imetangaza kuwa itakaa Marereni kusikiliza mwenye pingamizi kabla haujaongezwa. Kadii aliandika pingamizi lake mwenyewe, ukurasa mmoja, na Ilham alimsahihishia herufi mbili tu. Siku ya kikao walikwenda watatu, Kadii, Ilham na Gona aliyebadilishana zamu. Walipofika ukumbini wale kumi na saba walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, tisa benchi moja, saba jingine. Kahaso aliwekwa chini ya dirisha, ubavuni mwa ukuta.

Kadii alisimama akasoma. "Mimi Kadii Mwambire nimeandika haya kwa mkono wangu, na nimeyasoma kabla ya kutia sahihi. Nilisema hakuna makaburi. Nilisema uongo nisioujua. Makaburi yapo kumi na saba." Kisha akawasha simu, akafungua mchezo wa tano.

Kamati ilikuwa na watu watatu, na ilikuwa kamati makini. Katibu aliomba programu hiyo iwekwe kwenye kompyuta ya kamati yenyewe, ambayo Kadii hakuwahi kuigusa. Tisa, saba, kimoja. Mpima ardhi alinakili ramani ya zamani ya kiwanja kwenye karatasi angavu, akailaza juu ya kioo, akavuta mistari kwa rula.

"Vinalingana na sehemu zilizoachwa wazi kwenye ramani," alisema. "Tofauti haifiki hatua moja."

Afisa wa kampuni, mtu mpole mwenye viatu safi, aliinua mkono. Aliuliza kama si kweli kwamba mchezo huu umetengenezwa na mlalamikaji mwenyewe. Ilham alieleza habari ya mbegu, na saa, na namba ambazo hazirudii. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akawageukia walioketi mabenchi ya nyuma, akauliza kama wapo wanaotaka kutoa ushahidi, na kama wana vitambulisho.

Babu Mwaringa alisimama. Alitoa kipande chake cha enzi za wakoloni, kimeliwa na chumvi mpaka namba hazisomeki. Mwenyekiti alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akamrudishia.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Hiki hakimo katika orodha ya vitambulisho vinavyokubaliwa."

"Marahaba," Mwaringa alijibu, akaketi.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa saba. Karatasi ya zamani ilikuwa na kidole gumba. Mlalamikaji amekiri kwamba kidole hicho ni chake. Kwa hiyo karatasi ni halali, na familia ilikwisha kusema, na mtu hawezi kuwa shahidi dhidi ya kidole chake mwenyewe. Mkataba uliongezwa miaka thelathini na mitatu. Katibu alisema, nje ya kumbukumbu za kikao, kwamba mchezo ni mzuri ila una kasoro: fumbo ambalo jibu lake halibadiliki si fumbo.

Walipokuwa wakitoka, afisa wa kampuni alimfuata Kadii mlangoni. Aliuliza kwa heshima kama anaweza kupata mkusanyo mzima kwa ajili ya ofisi, kwa sababu makarani hawana la kufanya saa ya chakula. Kadii alimpa. Ulikuwa umeandikwa uingie kila mlango.

Mtihani wa darasa ulifanyika wiki tatu baadaye. Mtahini alitoka mbali, akaijaribu michezo yote kwenye mifumo yote minne. Michezo minne ya kwanza aliisifu. Kuhusu wa tano alisema alichosema katibu, akaongeza kwamba tiba yake ni mstari mmoja: baada ya mbegu, vitu vichanganywe mara ya pili kwa nguvu. Aliuandika mstari huo ubaoni. Alisema atampa Kadii nusu saa aurekebishe, na hati yake ya kufaulu ataitia sahihi siku hiyo hiyo.

Kadii aliunakili mstari neno kwa neno. Ulikuwa sahihi. Alijua ungefanya kazi. Angebonyeza kitufe kimoja na watu wa kwao wangetawanyika uwanjani, leo huku, kesho kule, kila mara ambapo mtu yeyote angegusa kioo. Wenyewe walikuwa nyuma yake, wamebanana kwenye viti, na hakuna aliyemwambia afanye wala asifanye. Gona alijifanya anasoma daftari lake la langoni.

Aliinamisha kichwa akasali. Alipomaliza aliufuta mstari. Kisha, kwa kuwa dakika zilikuwa bado zipo, alikwenda kwenye lile neno "kitu" ambalo alinuia kulibadilisha siku nyingi, akaweka mahali pake majina kumi na saba, kila jina chumbani kwake. Sasa mchezaji akigusa pasipopaswa, hapakuwa na maandishi ya kushindwa. Palitokea jina tu.

"Hukurekebisha," mtahini alisema.

"Nimerekebisha," Kadii alisema.

Hati hakuipata. Aliambiwa arudie muhula ujao. Alirudia, mtahini akawa mwingine, jibu likawa lile lile. Sasa yumo katika muhula wa tatu, na mashine ya nne bado haizimiki.

Mkusanyo wenyewe umesambaa. Umo katika simu za Marereni na Takaungu na Kilifi, umo katika duka la vifaa vya ujenzi, umo katika kompyuta zote za ofisi ya chumvi. Mwanzoni watu walikuwa wakishindwa mchezo wa tano na kuyasoma majina. Siku hizi karibu hakuna anayeshindwa, kwa kuwa mpangilio wameujua kwa moyo. Makarani wanaumaliza kwa sekunde arubaini. Dereva wa trekta la kampuni anaucheza kivulini, saa ya chakula. Kidole gumba chake kinapita kando ya Mwaringa, kinamzunguka Sidi, kinafika kwenye pembe ya kushoto na kumwacha Kahaso bila kumgusa. Vyumba vyote vitupu vinafunguka. Kisha anaitia simu mfukoni, anapanda trekta lake, anateremka nalo kwenda kuchimbua bwawa namba sita, ambalo mwaka huu linaongezwa kina.

Darasani, adhana ya magharibi ikitoka, Ilham huenda nyuma ya pazia na Gona huteremka kununua viazi. Kadii hufuta chumvi kwenye kioo cha simu kwa ncha ya leso, hufungua mchezo wa tano, na kwa kidole gumba huchomeka vijiti vyote kumi na saba, polepole. Viti vikiacha kuvutwa, mwalimu hurudi akafungua daftari lake la mahudhurio, kwanza ukurasa wa watahiniwa, kisha ule mwingine.

"Mwaringa."

"Nipo."

Anashuka orodha nzima, na kila mmoja hujibu kwa sauti yake, mpaka Sidi, aliye wa mwisho katika safu ya pili. Halafu huita Kahaso. Kahaso hajajifunza kusema. Kadii humjibia kutoka mashine ya nne, bila kugeuka:

"Yupo."